Mkulima, Hesabu Soya Yako Mara Mbili

Mvua za vuli huanza Oktoba, na wakulima wengi wa Embu na Meru hununua mbegu ya soya kwa kukisia. Mbegu ikizidi, pesa zimepotea. Ikipungua, magugu hushika nafasi iliyobaki na mavuno hushuka. Hesabu mbili rahisi zitakuepusha na hasara hiyo.

Hesabu ya kwanza: kabla ya kupanda

Soya ina mafuta mengi, hivyo hupoteza uwezo wa kuota upesi ikihifadhiwa vibaya. Chukua mbegu 100 bila kuchagua, uzifunge katika kitambaa chenye unyevu kwa siku saba, kisha uhesabu zilizoota vizuri.

Tuseme unapanda kwa sentimita 45 kati ya mistari na sentimita 10 kati ya mimea. Ekari moja itachukua mimea 90,000 hivi. Ikiwa mbegu 80 kati ya 100 zimeota, gawanya 90,000 kwa 0.8. Utahitaji mbegu 112,500.

Sasa pima uzito wa mbegu 100 kwenye mizani ndogo. Zikiwa gramu 15, utahitaji kilo 17 hivi kwa ekari. Mbegu hiyo ikiota 60 pekee kati ya 100, utahitaji kilo 22 na nusu; afadhali utafute mbegu bora mapema. Mwenye robo ekari agawanye kwa nne.

Hesabu ya pili: baada ya kuota

Wiki mbili hivi baada ya kupanda, kata kamba ya mita 9. Ilaze kando ya mstari mmoja, uhesabu mimea yote iliyo sambamba nayo, kisha uzidishe kwa 1,000. Hiyo ndiyo idadi ya mimea kwa ekari, mradi mistari yako iko umbali wa sentimita 45. Rudia katika sehemu tano za shamba, usichague zinazopendeza tu, kisha utafute wastani.

Wastani ukiwa 80, una mimea 80,000, na hakuna haja ya hofu. Soya yenye nafasi hutoa matawi zaidi na kufidia upungufu mdogo. Ukiwa 50, tafuta chanzo: mbegu iliyochoka, mbegu iliyozikwa mno, udongo ulioganda juu baada ya mvua kubwa, au ndege. Jazia mapengo makubwa mara moja udongo ukiwa na unyevu, kwani mimea iliyochelewa hufunikwa na kivuli cha iliyotangulia. Usisahau kupalilia mapema.

Nafasi ya kupanda hutofautiana kulingana na aina ya mbegu. Kabla ya kununua, soma maelezo ya pakiti au umwone afisa wa kilimo wa wadi yako.