Ameruhusiwa kwenda nyumbani, lakini ubongo bado mgonjwa

MTU akivunjika mguu, kila anayemwona na magongo humpisha njia na kumwachia kiti katika matatu. Aliyeumia ubongo hana bahati hiyo. Hutoka hospitalini akitembea kwa miguu yake mwenyewe, kovu limefunikwa na nywele, na majirani humshukuru Mungu kuwa amepona.

Baada ya wiki chache mambo huanza kuharibika. Anasahau sufuria jikoni mpaka chakula kinaungua. Anawakaripia watoto bila sababu. Kuhesabu nauli kunamshinda. Kazini anaitwa mvivu, nyumbani anashukiwa kuwa mlevi, na hawakosi watakaosema amerogwa.

Je, msomaji, unamjua mtu wa namna hii? Huenda si mvivu wala hajarogwa. Huenda ubongo wake ulijeruhiwa na haujapona. Na huenda ana haki ya kupata msaada ambao hakuna aliyewahi kumweleza.

Ubongo huumia kwa njia nyingi. Ajali za barabarani, hasa za bodaboda, huongoza katika wodi zetu za majeruhi. Kuna pia waliopigwa rungu na wezi, walioanguka kutoka kwenye mjengo, waliopata kiharusi, na waliougua homa ya uti wa mgongo au malaria ya ubongo. Chanzo ni tofauti, lakini matokeo hufanana: kusahau, uchovu usioisha, hasira za ghafla, kushindwa kupata maneno, kutovumilia kelele, na wakati mwingine kifafa.

KARATASI YA KWANZA

Kenya haina dirisha moja ambapo aliyeumia ubongo anaweza kwenda akapata kila kitu. Msaada umetawanyika katika ofisi nyingi, na ofisi hizo husaidia kulingana na kilichoandikwa. Ikiwa karatasi ya hospitali inasema tu "jeraha la kichwa, ameshonwa", karani atafikiri ni kidonda cha ngozi kilichokwisha kupona.

Kwa hivyo, kabla ya kutoka hospitalini, omba muhtasari wa matibabu na uhakikishe umeandikwa wazi kuwa ubongo uliumia. Omba nakala ya picha za kichwa na ripoti yake. Uliza pia mgonjwa atarudi lini kliniki, na kama anahitaji mtaalamu wa tiba ya viungo, mtaalamu wa matamshi, au yule anayemfundisha mtu upya kuoga, kuvaa na kupika. Wataalamu wa tiba ya viungo hupatikana katika hospitali nyingi za kaunti, lakini mgonjwa asipoelekezwa kwao, hatawafikia.

Ukiwa nyumbani, weka daftari. Andika kila siku anachoshindwa kufanya: amepotea njia ya sokoni, ameacha gesi wazi, amelala saa 14. Daktari humwona kwa dakika chache, na katika dakika hizo mgonjwa anaweza kujibu vizuri kabisa. Daftari ndilo litakalosema yaliyobaki.

Jihadhari na jambo moja. Maumivu ya kichwa yanayozidi, kutapika, usingizi usio wa kawaida, degedege au udhaifu wa upande mmoja ni dalili za kurudi hospitalini mara moja, hata kama wiki kadhaa zimepita tangu aumie. Damu inaweza kuvuja polepole na kuukandamiza ubongo.

FEDHA NA MUDA

Ikiwa aliumia kazini, Sheria ya Fidia kwa Majeraha ya Kazini ya mwaka wa 2007 inamtaka mwajiri kugharamia matibabu na kulipa fidia. Mwajiri aarifiwe mapema, kwa maandishi, na madai yawasilishwe ndani ya miezi 12 tangu siku ya ajali. Aliyepoteza kabisa uwezo wa kufanya kazi amewekewa fidia ya mapato ya miezi 96. Ofisi za serikali za usalama na afya kazini ndizo husimamia madai haya.

Ikiwa ni ajali ya barabarani, iandikishwe katika kituo cha polisi, upewe nambari ya OB, na fomu ya P3 ijazwe na daktari. Kila gari linatakiwa kuwa na bima ya kuwafidia watu wengine. Kesi ya madai inapaswa kufikishwa kortini ndani ya miaka 3.

Lakini usikimbilie kutia sahihi. Wako watakaofika kitandani na bahasha, wakitaka mambo yaishe "kinyumbani". Madhara ya ubongo huchukua miezi kujitokeza, na anayekubali pesa kidogo mwezi wa kwanza huenda akagundua mwezi wa sita kwamba hawezi tena kurudi kazini. Zaidi ya hayo, mtu ambaye kumbukumbu yake imevurugika hafai kutia sahihi peke yake.

Matibabu nayo ni marefu. Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, ilichukua nafasi ya NHIF mnamo Oktoba 2024. Aliyekuwa akikatwa asilimia 2.75 ya mshahara hukoma kukatwa anapopoteza kazi. Asikae tu. Ajieleze kwa SHA kama mtu asiye na ajira, akadiriwe upya na aendelee kulipa, la sivyo atafika kliniki na kuambiwa hana bima. Aliyekuwa mwanachama wa NSSF na hawezi tena kufanya kazi daima anaweza kudai mafao yake bila kungoja umri wa kustaafu.

KUJIANDIKISHA

Familia nyingi hukataa neno "ulemavu". Wanasema, "Mtu wetu si kiwete." Ilhali kujiandikisha na Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu, NCPWD, ndiko hufungua milango mingi. Mgonjwa hupimwa kwanza katika hospitali ya umma iliyoidhinishwa, kisha ripoti hupelekwa kwa baraza. Hapa ndipo lile daftari na ule muhtasari hufanya kazi, kwa sababu mpimaji haoni ubongo kwa macho.

Aliyesajiliwa na anayepata mapato anaweza kuomba msamaha wa kodi ya mapato. Familia maskini yenye mtu mwenye ulemavu mkubwa anayehitaji kutunzwa saa zote inaweza kuomba kuingizwa katika mpango wa Inua Jamii, ambao hulipa shilingi 2,000 kwa mwezi. Muulize chifu au afisa wa maendeleo ya jamii wa eneo lako. Si pesa nyingi, na si wote hupata, lakini asiyeomba hapati kamwe. Sheria mpya ya Watu Wenye Ulemavu ya 2025, iliyochukua mahali pa ile ya 2003, nayo inakataza kumbagua mfanyakazi kwa sababu ya ulemavu. Kabla ya kukubali kuachishwa kazi, omba kwanza kazi nyepesi au saa chache.

WATOTO

Mtoto aliyeponea malaria ya ubongo hurudi darasani na kutarajiwa kuwa yule yule wa zamani. Utafiti uliofanywa Kilifi ulionyesha kuwa karibu mtoto mmoja kati ya wanne walioponea ugonjwa huo alibaki na kasoro ya kudumu, ikiwemo ya lugha au kumbukumbu. Mwanao akianza kushika mkia baada ya ugonjwa kama huo, usimchape. Mpeleke katika kituo cha tathmini ya elimu, EARC, ambako hupimwa na shule kushauriwa jinsi ya kumsaidia.

ANAYETUNZA

Mwisho, kuna mtu anayesahaulika: mke, mama au dada anayemtunza mgonjwa. Yeye ndiye anayetukanwa, anayekesha, na mara nyingi ndiye aliyeacha biashara yake. Gawaneni zamu. Mmoja ampeleke kliniki, mwingine afuatilie ofisi, mwingine akae naye Jumamosi. Kwa mgonjwa mwenyewe, mpe jambo moja kwa wakati mmoja, punguza kelele za redio na televisheni, bandika ratiba ya siku ukutani, na umwache apumzike kabla hajachoka.

Kama jamaa yako aliumia kichwa mwaka huu, itafute karatasi ya hospitali leo jioni uisome. Ikiwa neno "ubongo" halimo, na hayupo sawa, rudini kwa daktari kabla ile miezi 12 haijaisha.