Cheti cha Mkemia Kisipindwe

Kila chombo kifungacho gati visiwani mwetu hushusha vitu ambavyo mnunuzi hawezi kuvijua kwa jicho wala kwa ulimi. Mchele wenye fukusi mama wa nyumbani huujua katika ungo, na samaki aliyevunda humjua kwa kumfunua matamvua. Lakini dawa ya kikohozi iliyochanganyika na sumu ni tamu kama ile iliyo salama, na krimu yenye zebaki ni laini na nyeupe kama wenziwe. Hapo mwananchi hana jicho ila jicho la Mkemia wa Serikali. Kwa hiyo si jambo dogo ni nani anayeiongoza maabara, na amepewa nguvu gani.

Tungependa kuwasimulia wasomaji wetu habari za kiongozi mmoja wa maabara kama hiyo, katika nchi ambayo hatukuzoea kwenda kujifunza utumishi wa umma, nayo ni Marekani.

Mwaka 1883 Harvey Washington Wiley, mtoto wa mkulima wa Indiana, alifanywa mkuu wa wakemia katika Wizara ya Kilimo ya nchi hiyo. Zama hizo maziwa yalitiwa fomalini yasiharibike, nyama na siagi zikatiwa boraksi, na baadhi ya asali ilichanganywa na sukari iliyotengenezwa kwa wanga wa mahindi. Wenye viwanda walidai kwamba hayo yote hayana madhara. Sisi tuliopitia chuoni kabla ya kuingia skuli tulihifadhi mapema sura inayowaonya wapunjaji wa vipimo, wala hatudhani kwamba pishi na mizani tu ndizo zilizokusudiwa.

Mwaka 1902 Wiley alipewa na bunge dola 5,000. Akafungua chumba cha kulia chini ya ofisi yake, akawaita vijana 12 waliojitolea, wengi wao makarani wa serikali. Hawakuruhusiwa kula mahali pengine popote. Walipimwa uzito, joto na mapigo ya moyo, na vyote vilivyotoka miilini mwao vilipelekwa maabara. Boraksi ilifichwa kwanza ndani ya siagi. Vijana wakaihisi, wakaiacha siagi. Ikahamishiwa kwenye maziwa na nyama, navyo vikaanza kusazwa sahanini. Mwishowe Wiley akaitia katika vidonge, wakaimeza huku wakijua wanachokimeza. Wakaumwa vichwa na matumbo, wakakosa hamu ya chakula. Zikafuata dawa nyingine, fomalini ikiwamo, na baadhi ya majaribio yalikatizwa kwa kuwa vijana waliugua kupita kiasi. Magazeti yakawaita Kikosi cha Sumu. Habari ile iliuza magazeti, nayo ikawafikisha wananchi mahali ambapo ripoti zake nyingi za miaka iliyopita hazikuwafikisha. Tarehe 30 Juni 1906 Rais Theodore Roosevelt alitia saini sheria ya chakula na dawa safi.

Hatumsifu Wiley kwa yote. Majaribio yake hayakuwa na kundi jingine la vijana wasiopewa dawa, la kulinganishia. Alimwambia Rais ana kwa ana kwamba sakarini ni hatari kwa afya, asijue kwamba Rais mwenyewe huitumia kila siku kwa amri ya tabibu wake. Sodiamu benzoeti aliyoipinga kwa nguvu zote ilionekana baadaye kuwa haina madhara kwa kiasi kidogo, na leo imo katika chupa nyingi za soda. Mkuu wa maabara akisema zaidi ya kile kilichoonyeshwa na vipimo vyake, huwapa walanguzi silaha ya kumpigia siku atakaposema kweli tupu. Wiley alipambana na wakubwa wake mpaka akajiuzulu mwaka 1912.

Sheria aliyoiacha ilikuwa na tundu. Haikumlazimisha mtengenezaji kuthibitisha usalama wa dawa kabla ya kuiuza, na vipodozi havikuguswa kabisa. Mwaka 1937 kampuni moja huko Tennessee iliyeyusha dawa ya salfanilamidi ndani ya dayathilini glaikoli, kimiminika kitamu kinachoharibu figo. Ikaonjwa ladha na kutazamwa rangi. Usalama wake haukupimwa. Watu zaidi ya 100 walikufa, watoto wakiwamo. Serikali ilipotafuta kosa la kukamatia dawa hiyo, ilipata moja tu: iliitwa eliksiri, jina lililopasa dawa yenye alkoholi, na alkoholi haikuwamo. Kuua watu halikuwa kosa lililoandikwa! Sheria ya mwaka 1938 ndiyo iliyoamuru kwamba uthibitisho utangulie uuzaji.

Mtu asidhani kwamba haya ni ya kale. Oktoba 2022 Shirika la Afya Duniani lilitoa onyo juu ya dawa za maji za watoto zilizokutwa Gambia na sumu hiyo hiyo, baada ya vifo vya watoto kwa maradhi ya figo. Aprili 2024 sharubati moja ya kikohozi cha watoto iliondolewa madukani Kenya, Tanzania na nchi nyingine za Afrika, kwa kuwa maabara ya Nigeria ilisema imeiona sumu hiyo ndani yake. Mwenye bidhaa akajibu kwamba vipimo vyake yeye havikuona kitu. Nchi isiyokuwa na maabara yake imwamini nani kati ya hao wawili?

Wahalifu huipenda sumu hii kwa sababu inafanana na gliserini nayo ni rahisi kwa bei. Kuitenganisha na gliserini kunahitaji kromatografia, na kromatografia inahitaji kemikali, umeme usiokatika na fundi aliyesomeshwa. Afisa anayepunguza fungu la maabara kwa hoja kwamba haizalishi mapato afikirie figo za watoto wake.

Tunapendekeza kwa wahusika kwamba dawa na vipodozi visitoke bandarini kabla ya kupimwa. Sampuli igawanywe mbele ya mwenye mali na kutiwa lakiri, fungu moja abaki nalo yeye, ili asije akadai kwamba kilichopimwa si chake. Cheti kitoke kwa saini ya Mkemia Mkuu, na nakala yake ifike siku ile ile kwa mwenye mali, kwa forodha na kwa gazeti. Na anayetaka kulipinga jibu aje na vipimo. Asije na simu ya mkubwa.