Mtihani wa Leseni Hausomwi kwa Madesa

Kila likizo ndefu ikikaribia, makundi ya WhatsApp ya kozi hubadilika. Wanaoomba madesa ya UE wanapungua, wanaongezeka wanaouliza: "Jamani, nani ana maswali ya trafiki?" Dakika mbili nyingi, faili limerushwa: picha za alama za barabarani na majibu yake chini. Watu wanaanza kukariri kama tulivyokariri DS mwaka wa kwanza.

Mimi nilipata leseni yangu likizo iliyopita. Kabla ya hapo tulikaa wiki tatu hosteli, watu wanne, tukijiandaa na mtihani wa nadharia. Naandika kwa ajili ya wewe unayepanga kwenda mwaka huu. Wengi wanaogopa usukani, lakini klachi ukiikosea gari linazima tu, unawasha tena. Nadharia ndiyo inayodharauliwa, na ndiyo inayoamua kama wenzako watakuwa salama ukiwa barabarani.

Kwanza utaratibu. Kwa gari dogo binafsi lazima uwe umefikisha miaka 18. Unaanza na leseni ya mwanafunzi, unasoma shule ya udereva, unapimwa na polisi wa usalama barabarani, kisha leseni yenyewe inatolewa na TRA. Gari dogo binafsi ni daraja D. Ukiwa na mpango wa kubeba abiria kwa malipo ili uongezee bumu, D haikutoshi. Hiyo ni kazi ya daraja C na matawi yake. Pikipiki nazo zina daraja A na matawi yake, kwa hiyo usidhani D inakuruhusu kukamata boda ya mshikaji.

Sasa maswali. Ukiyapanga vizuri, karibu yote yanaingia kwenye mafungu matatu: alama, zamu na umbali.

Fungu la alama ndilo linalowatisha watu kwa wingi wake. Usianze na picha. Anza na umbo, fuata rangi, picha iwe ya mwisho. Pembetatu yenye ukingo mwekundu inaonya: mbele kuna kona, matuta, watoto, wanyama. Duara lenye ukingo mwekundu linakataza au linaweka kikomo: usiingie, usipite gari la mbele, usizidi 50. Duara la bluu linaamuru: fuata mshale huu. Ukishajua hivyo, hata alama ambayo hujawahi kuiona unaweza kuikisia nusu yake kabla hujaangalia mchoro.

Alama mbili zimepewa maumbo ya peke yao. "Simama" ina pembe nane, na "toa nafasi" ni pembetatu iliyogeuzwa kichwa chini. Hata zikichafuka kwa tope, hata ukiziona kwa nyuma, unazitambua. Tofauti yake ni swali la kila siku. Kwenye "simama" magurudumu yanasimama kabisa, hata kama barabara ni nyeupe. Kwenye "toa nafasi" unapunguza mwendo, unaangalia, na unasimama pale tu mwenye haki ya kupita anapokuja.

Fungu la pili ni zamu: nani apite kwanza? Hapa ndipo waliokariri wanapokwama, maana mwulizaji akiligeuza gari upande wa pili wa mchoro, desa limekwisha. Mwenzetu mmoja chumbani amekua akiendesha pikipiki kijijini kwao, anajua kila kitu cha mikono, lakini kila tukichora kipilefti alikuwa anampa nafasi aliye kushoto. Dawa ilikuwa kuelewa sababu. Sisi tunaendesha upande wa kushoto, kwa hiyo kwenye kipilefti magari yaliyo ndani yanakuja kwako kutoka kulia. Hao ndio unaowapisha. Ni sababu ileile iliyofanya shule ya msingi tufundishwe kutazama kulia, kushoto, kisha kulia tena kabla ya kuvuka: gari la kwanza kukufikia linatoka kulia.

Swali jingine la zamu, Dar tunaliona kila jioni. Taa ni nyekundu, lakini trafiki amesimama katikati anakuita upite. Umfuate nani? Askari. Ishara ya askari inazidi taa, na taa zikiwa zinafanya kazi zinazidi alama zilizobandikwa pembeni. Shika mpangilio huo: askari, taa, alama.

Halafu kuna zebra. Naomba hapa usome taratibu. Kanuni inasema gari likisimama au likipunguza mwendo kwenye kivuko cha waenda kwa miguu, wewe uliye nyuma au pembeni yake huruhusiwi kulipita. Kwenye faili la WhatsApp ni mstari mmoja tu, unausoma unapita. Mwaka wa pili mwenzetu wa kozi alikuwa anavuka zebra karibu na chuo. Gari la kwanza likasimama, dereva akampungia mkono apite. Gari la pili likalipita lile lililosimama. Alikaa semista nzima na magongo. Tulikuwa tunapokezana kumbebea begi hadi ghorofa ya tatu, na mitihani miwili akaifanya kama sapu kwa sababu alikuwa wodini. Yule dereva alikuwa na leseni.

Tangu siku hiyo, kanuni ile mimi siisomi kama swali la alama moja. Gari lililosimama linakuziba macho. Kama limesimama kwenye zebra bila sababu unayoiona, sababu ipo mbele yake, na ina miguu miwili.

Fungu la tatu ni umbali, na hapa mwanachuo hana kisingizio. Mwendo wa kilomita 50 kwa saa ni karibu mita 14 kwa kila sekunde. Ukiona hatari, ubongo unahitaji kama sekunde moja kabla mguu haujafika kwenye breki. Maana yake, kabla hujaanza hata kupunguza, umeshatembea karibu urefu wa Coaster mbili zilizofuatana. Ukisoma meseji kwa sekunde 4, umeendesha zaidi ya mita 55 macho yakiwa mapajani.

Mwendo ukiongezeka mara mbili, umbali wa breki unaongezeka mara nne, sio mara mbili. Waliosoma fizikia wanajua: nishati ya mwendo inafuata mraba wa kasi. Gari linalohitaji mita 10 za breki kwenye kilomita 40 kwa saa litahitaji 40 kwenye kilomita 80. Ndiyo maana kwenye maeneo ya makazi kikomo ni 50, na magari ya abiria na ya mizigo yanayozidi tani 3.5 yamewekewa 80 huko nje. Ndiyo maana pia unaambiwa uache angalau sekunde mbili kati yako na gari la mbele. Chagua nguzo: gari la mbele likiipita, hesabu "mia moja na moja, mia moja na mbili." Ukiifikia kabla hujamaliza, umekaribia mno. Mvua ikinyesha, zidisha mara mbili.

Najua kuna wanaosoma haya wakisema, "Yote ya nini, mbona kuna jamaa anafanya mpango, unalipa tu?" Mimi pia niliambiwa. Kuna ndugu alinipigia simu kabisa akasema nisijisumbue, leseni ya mezani ni suala la siku tatu. Nilimjibu, "Shikamoo mjomba, ahsante, ila nitaenda mwenyewe." Sikuwa najifanya mtakatifu. Nilikuwa nawaza ngazi zile za ghorofa ya tatu. Kadi inaweza kununuliwa. Ila nani apite kwanza hakuna wa kukuuzia, na siku utakapohitaji jibu utakuwa na sekunde moja.

Kwa hiyo jiandaeni hivi. Wiki ya kwanza, alama tu, mkizipanga kwa umbo na rangi. Mmoja anaficha majibu, mwingine anaeleza kwa sauti alama inamtaka dereva afanye nini. Wiki ya pili, chora makutano kwenye karatasi kubwa, tumia vizibo vya soda kama magari, na kila mmoja aseme nani anapita na kwa nini. Asiyeweza kusema "kwa nini" anarudia, hata kama jibu ni sahihi. Wiki ya tatu, fanyeni maswali ya lile faili, sasa litawasaidia. Kalalieni pia mambo ya gari lenyewe: matairi, breki, taa, mkanda, pembetatu za kuakisi mwanga, mtungi wa kuzimia moto. Hayo huulizwa, na ni rahisi kuyasahau.

Siku moja kabla ya mtihani msikeshe. Jioni tembeeni kwa miguu kutoka hosteli hadi Mwenge, upande wa kulia pale pasipo na njia ya miguu ili muyaone magari yanayokuja. Kila alama mtakayoifikia, mmoja aitaje, aseme inamlinda nani. Mkifika kwenye zebra, simameni kidogo mhesabu magari mangapi yanasimama. Halafu vukeni kwa uangalifu, mrudi mkalale.