Mkojo wa Damu: Kabla Majirani Hawajakuhukumu

Leo tunaongelea jambo ambalo wengi wetu tunaona soo hata kulitaja mbele ya mama mzazi: kukojoa damu. Usicheke, na usifunge gazeti. Inawezekana kabisa tunakuongelea wewe, au yule mnayekaa naye dawati moja.

Tuanze na mfano. Watu wenyewe tumewatunga, lakini mambo yao utayatambua.

NYUMBA MOJA, VYUMBA SITA

Fikiria nyumba ya kupanga pale Bariadi mjini. Vyumba sita vinatazamana, uani kuna kamba moja ya kuanikia nguo, bafu moja na choo kimoja. Chumba cha kwanza anakaa mama muuza vitumbua. Anayefuata ni fundi cherehani na mkewe. Yupo pia kaka mmoja mwanachuo, maana tangu Bariadi iwe makao makuu ya Mkoa mpya wa Simiyu mwaka 2012 mji umekua, na chuo cha IFM nacho kimefungua kampasi mkoani. Siku hizi wanachuo wanagombea vyumba na watumishi wa serikali. Chumba cha mwisho anakaa shangazi mmoja na watoto wa kaka yake, mapacha. Tuwaite Kulwa na Doto. Kulwa ni msichana, Doto mvulana, wote kidato cha tatu. Wazazi wao wako kijijini wanalima pamba na mpunga.

Nyumba ya namna hii ina raha yake. Chumvi ikiisha unaazima. Mtoto akishikwa na homa usiku, jirani anaamka kusaidia. Lakini ina kasheshe yake pia: hakuna siri. Ukipika nyama wote wanajua. Ukilia wote wanasikia.

Basi asubuhi moja mama vitumbua anaingia chooni baada ya Kulwa kutoka. Anaona matone ya damu. Hasemi kitu kwa Kulwa, anasema kwa mke wa fundi. Jioni habari imeshafika bombani, na imeongezewa chumvi njiani. Wa kwanza anasema binti katoa mimba. Wa pili anasema kaambukizwa gonjwa la zinaa. Wa tatu anamtaja kaka wa chuo, ambaye maskini hata salamu hajazoeana nayo na Kulwa.

Kulwa anasikia. Anaanza kujibana mkojo mchana kutwa ili asionekane akienda chooni. Anachukua pesa ya daftari, anakwenda duka la dawa na kununua vidonge vya rangi mbili bila kupimwa. Anameza, damu haikatiki. Wiki ya pili hajafika shule.

Sasa sikia upande wa pili. Doto naye anakojoa damu tangu mwaka jana. Aliwaambia washikaji zake, nao wakampigia makofi: "Umeshakuwa mwanaume!" Katika sehemu mbalimbali za Afrika vijana hudanganyana hivyo, kwamba mvulana akikojoa damu amekomaa.

Umeona? Mapacha walewale, ugonjwa uleule. Mmoja kapewa hongera, mwingine kapewa jina baya. Ukweli ni kwamba wote wawili wanaumwa kichocho, na hakuna hata mmoja aliyetibiwa.

KICHOCHO NI NINI?

Ni ugonjwa unaoletwa na minyoo midogo, yenye urefu wa kama sentimita moja hadi mbili, inayoishi ndani ya mishipa ya damu. Hapa kwetu Tanzania tuna aina mbili. Kuna kichocho cha tumbo, ambacho hushambulia utumbo na ini na hupatikana sana kandokando ya Ziwa Victoria, kwa mfano upande wa Busega. Na kuna kichocho cha kibofu cha mkojo, ambacho ndicho cha Kulwa na Doto. Hiki hupenda huku ndani Usukumani, kwenye malambo, madimbwi na majaruba ya mpunga.

Si ugonjwa wa jana. Mwaka 1910, mtaalamu aitwaye Marc Armand Ruffer alikuta mayai ya minyoo hii katika figo za maiti za Misri zilizokaushwa zaidi ya miaka 3,000 iliyopita. Mnyoo wenyewe uligunduliwa mwaka 1851 mjini Cairo na daktari Mjerumani, Theodor Bilharz. Wala si ugonjwa wa watu wachache: Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa mwaka 2021 watu zaidi ya milioni 251 walihitaji dawa ya kuukinga na kuutibu. Angalau tisa katika kila kumi kati yao wanaishi Afrika.

UNAINGIAJE MWILINI?

Hapa ndipo wengi wanapochemsha. Tufuate safari hatua kwa hatua.

Kwanza, mtu mwenye kichocho anakojoa kwenye maji au kando yake. Mkojo unabeba mayai. Yai likigusa maji linapasuka, anatoka kijidudu anayeogelea.

Pili, kijidudu huyo anatafuta konokono wa majini. Ana muda mfupi, kama siku moja tu. Asipompata konokono wa aina inayomfaa, anakufa. Akimpata, anaingia ndani yake na kuzaliana kwa wiki kadhaa.

Tatu, konokono anaanza kuachia majini vijidudu wa aina nyingine, kwa maelfu. Wanatoka zaidi jua likiwa kali, kuelekea saa sita mchana. Hebu jiulize, wewe na wenzako huwa mnakwenda kuogelea saa ngapi?

Nne, unaingia majini kuogelea, kufua, kuchota maji, kunywesha ng'ombe au kupandikiza mpunga. Vijidudu hao wanatoboa ngozi yako kwa dakika chache tu, hata kama huna kidonda. Huoni kitu. Pengine utawashwa kidogo, basi.

Tano, wanasafiri ndani ya damu hadi kwenye ini, wanakomaa, dume na jike wanaungana, kisha wanahamia kwenye mishipa ya kibofu. Huko jike anataga mayai kila siku, na minyoo hiyo inaweza kuishi miaka 3 hadi 10.

Kila yai lina mwiba. Mayai mengine yanatoboa njia na kutoka na mkojo, ndiyo maana unaona damu, hasa mwishoni mwa kukojoa. Mengine yanakwama mwilini, na hayo yaliyokwama ndiyo yanayoleta madhara makubwa.

Na lambo likikauka kiangazi, konokono hawaishi? Hapana. Wapo wanaojificha ndani ya tope, mvua ikinyesha wanaamka. Ndiyo maana mwaka hadi mwaka kichocho kinarudi kama mgeni asiyeaga.

JE, NI UGONJWA WA ZINAA?

Hapana! Hupati kichocho kwa kujamiiana, kuchangia choo, kikombe, kitanda au kamba ya nguo. Kinatoka kwenye maji yenye konokono wenye vijidudu. Bikira anapata, mtoto wa miaka minne anapata, mzee wa kanisa na shehe wanapata.

Lakini hapa dada zangu nisikilizeni vizuri. Mayai yanaweza kukwama pia kwenye njia ya uzazi na mlango wa kizazi. Msichana anaweza kutokwa na uchafu ukeni, kuwashwa, kusikia maumivu chini ya kitovu, au kutokwa damu ambayo si ya hedhi. Dalili hizi zinafanana na za magonjwa ya zinaa, na hata mhudumu wa afya asipouliza vizuri anaweza kukosea akakupa dawa isiyo yako. Kisipotibiwa kinaweza kuleta ugumba au mimba kutunga nje ya kizazi. Tena vidonda hivyo vinaweza kurahisisha virusi vya UKIMWI kupenya, endapo utakutana navyo.

Kaka zangu nanyi msijidai. Mayai yanaweza kukaa kwenye tezi na mirija ya uzazi ya kiume, ukaona damu kwenye shahawa. Na kwa wote, kichocho cha miaka mingi kinaweza kuharibu figo na kuleta saratani ya kibofu. Huo ndio "uanaume" wanaokupigia makofi.

Jambo la kukumbuka: mkojo wa damu unaweza kuwa na sababu nyingine pia, na magonjwa ya zinaa nayo yapo. Kwa macho huwezi kutofautisha. Jirani hawezi, muuza duka hawezi. Jibu linatoka kwenye kipimo.

KIPIMO NA DAWA

Kipimo hakiumi. Unapewa kikopo, unakojoa, mkojo unaangaliwa kwa darubini ili kuona mayai yenye mwiba. Wakati mzuri wa kutoa mkojo huo ni kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana, kwa kuwa ndipo mayai hutoka kwa wingi. Usikojoe kwa kujibana, mwaga mpaka tone la mwisho. Mayai mengi yapo humo.

Dawa inaitwa prazikwanteli. Inameza siku moja tu, kwa uzito au urefu wako. Kipimo cha kawaida ni miligramu 40 kwa kila kilo ya mwili. Kwa hiyo mwanafunzi wa kilo 45 anahitaji miligramu 1,800, yaani vidonge 3 vya miligramu 600. Hesabu hiyo ni ya kukuelewesha, si ya kujipimia nyumbani. Aache mhudumu akupimie, na umwambie kama una ujauzito au ugonjwa mwingine.

Kula kwanza. Ugali, uji mzito, hata matobolwa yanafaa. Ukimeza tumbo tupu unaweza kusikia kichefuchefu, kizunguzungu au tumbo kusokota. Hata ukila unaweza kusikia hivyo kidogo, kisha hali inapita. Wapo wanaokimbia dawa shuleni kwa sababu waliona mwenzao katapika. Kutapika mara moja na kuishi na minyoo miaka 10, kipi bora?

Serikali huendesha mazoezi ya kugawa dawa hii mashuleni, hasa kwa watoto wa shule za msingi. Wewe wa sekondari unaweza kupitwa. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilishauri kwamba kwenye maeneo yenye kichocho kingi watu wote kuanzia umri wa miaka 2, watu wazima wakiwemo, wafikiriwe. Kwa hiyo usisubiri zoezi. Ukiwa na dalili, nenda zahanati.

Tena elewa: dawa inaua minyoo iliyokomaa, lakini haikukingi usiambukizwe tena. Na minyoo michanga inaweza kupona, kwa hiyo ukiona damu bado baada ya wiki kadhaa, rudi ukapimwe.

TUJIKINGEJE?

Wengine watakwambia "usiingie majini", halafu basi. Ni rahisi kusema kama una bomba nyumbani. Kama lambo ndilo maji yenu, fanya haya yanayowezekana:

- Usikojoe wala kujisaidia majini au kando yake. Tumia choo. Hii peke yake inakata safari pale mwanzo kabisa.
- Maji ya kuoga yachemshe, au yachote yakae kwenye ndoo safi isiyo na konokono kwa siku mbili. Vijidudu wale hawaishi zaidi ya hapo.
- Fua ukiwa nchi kavu, kwenye beseni. Usisimame ndani ya maji.
- Ukilazimika kuingia jarubani, vaa buti za mpira kama zipo.
- Pimeni familia nzima. Ukitibiwa peke yako na wadogo zako bado wanakojoa lamboni, umepoteza muda.

TURUDI KWA KULWA

Siku ya kumi na mbili shangazi aligundua Kulwa hajagusa daftari. Hakumfokea. Alimkalisha kitandani akamwambia, "Mwanangu, niambie mimi kabla hujaambiwa na watu." Kulwa akasema. Kesho yake walikwenda kituo cha afya. Muuguzi hakumuuliza ana mpenzi wangapi kwanza. Alimuuliza, "Likizo huwa unafua wapi?" Kulwa akajibu, lamboni, kijijini. Mkojo ukapimwa, mayai yakaonekana. Doto akaitwa naye, yakaonekana vilevile.

Jioni ile Doto alikwenda bombani na ndoo yake. Wakina mama wakaanza minong'ono. Akawaamkia vizuri, "Shikamooni," kisha akasema, "Mimi pia nakojoa damu, mwaka mzima sasa. Na mimi nimetoa mimba?"

Bomba likanyamaza, maji tu yakasikika.

Asubuhi iliyofuata mama vitumbua aligonga mlango wa shangazi. Alikuwa na vitumbua vinne kwenye sahani, na nyuma yake mwanawe wa miaka tisa. Akauliza kile kituo kinafunguliwa saa ngapi.

Rafiki, kama una dalili hizi, wiki hii usiipitishe. Mwambie mzazi, shangazi, mwalimu wa malezi au yeyote unayemwamini, kisha mwende wote. Na kama umesikia mtaani kuwa binti fulani "kaharibika", kabla hujalipeleka neno hilo kwa mwingine, muulize mwenyewe kwa upole: umeshapima?

Mpe na mwenzako gazeti hili.