Usuluhishi wa Serikali katika Mgomo wa UPS, 1997

Usuluhishi wa serikali katika mgogoro wa kazi ni utaratibu ambao mtu wa tatu, aliyewekwa na dola, huwakutanisha mwajiri na chama cha wafanyakazi ili wafikie makubaliano yao wenyewe, na kwa hiyo hutofautiana na uamuzi, ambao mtu wa tatu husikiliza pande zote kisha akatoa tamko linalozifunga. Ni rahisi kudhani kwamba msuluhishi asiye na amri ni dhaifu, lakini mgomo wa wafanyakazi wa kampuni ya vifurushi ya UPS nchini Marekani unaonyesha kinyume chake.

Mgomo huo ulianza tarehe 4 Agosti 1997, wafanyakazi wapatao 185,000 wa chama cha Teamsters walipoacha kazi. Kiini chake kilikuwa ajira ya muda, yaani kazi ya saa chache kwa siku, ambayo ndiyo waliyokuwa nayo zaidi ya nusu yao: walipakia na kupakua magari usiku na alfajiri, wakinyanyua vifurushi vilivyoruhusiwa kufikia kilo 68, huku ujira wa kuanzia, dola 8 kwa saa, ukiwa haujapandishwa tangu 1982. Suala la pili lilikuwa pensheni, kwa kuwa kampuni ilitaka kujitoa katika mifuko inayochangiwa na waajiri wengi kwa pamoja na kuanzisha mfuko wake.

Kampuni ilimtaka Rais Bill Clinton atumie Sheria ya Taft-Hartley ya 1947, inayomruhusu rais kuomba zuio la mahakama, yaani amri ya kusimamisha mgomo kwa siku 80, pale unapohatarisha afya au usalama wa taifa. Clinton alikataa, akieleza kwamba masharti ya sheria hayakutimia, na uamuzi huo ndio uliokuwa na uzito kuliko yote, kwani mwajiri anayetarajia wagomaji warudishwe kazini kwa amri hana sababu ya kulegeza msimamo. Baada ya mazungumzo kuvunjika, Waziri wa Kazi, Alexis Herman, ambaye alikuwa na miezi michache tu katika wizara hiyo, alizirudisha pande mbili mezani katika hoteli moja jijini Washington, naye akawa pamoja nao humohumo, akishirikiana na wasuluhishi wa idara ya serikali iliyoundwa kwa sheria ileile ya 1947.

Makubaliano yalipatikana usiku wa tarehe 18 Agosti: kampuni ilikubali kuunda nafasi 10,000 za kazi ya kutwa kwa kuunganisha kazi za muda na kubaki katika mifuko ya pamoja ya pensheni, nacho chama kikakubali mkataba wa miaka 5, mrefu kuliko kilivyotaka.