Jina la Liste Si Adresi Yake

Siku ya posho iliyopita mama mmoja alilia katika mkutano wetu. Zamu yake ya likelemba ilifika, lakini liste ilionyesha kama hakulipa miezi miwili. Alikuwa amelipa, na risiti alikuwa nayo mkononi. Hakuna mtu aliyeiba. Tulikuwa na liste mbili zenye jina moja, kila moja kwa ordinateri yake.

Kosa lilikuwa langu. Liste ya kweli inakaa kwa ordinateri ya sekretari, ndani ya dosye ambayo mashini zote za biro zinaifungua kwa njia ya rezo. Siku mama alipoleta makuta, mashini ile ilikuwa imezimwa. Nilifungua kopi ya zamani iliyobaki kwa mashini ingine, nikaandika humo. Nilifikiri jina la fishie linatosha.

Halitoshi. Ukimwambia mgeni aende « kwa Mama Mwalimu wa Katuba », atazunguka mpaka jua lishuke. Mpe avenyu na nambari ya lupango, atafika.

Mandiko pia yako na adresi. Katika Word, bonyeza « Fichier », kisha « Informations ». Angalia chini ya jina la mandiko. Adresi ikianza na C:, mandiko yako ndani ya mashini uliyokalia. Ikianza na mistari miwili ya mshazari, yanatoka kwa rezo. Kwa mfano:

\\SEKRETARI\Kese\liste.docx

Jina la kwanza ni la ordinateri inayotunza mandiko, la pili ni la dosye, la mwisho ni la fishie.

Pengine utaona herufi kama Z:. Hilo ni jina la kifupi ambalo mashini yako peke yake imepewa; kwa mashini ya jirani Z: inaweza kuwa kitu kingine, ama isiwepo. Kwa hiyo usimwambie mwenzako « iko kwa Z ». Fungua « Ce PC »: pembeni ya Z: utasoma jina la ordinateri yenyewe.

Tufanye na jambo moja zaidi, adresi ionekane hata kwa karatasi. Weka kursa chini ya ukurasa, kwenye « Pied de page ». Bonyeza « Insertion », « QuickPart », « Champ », chagua « FileName », kisha weka alama pale panapoomba kuongeza « chemin d'accès ». Fishie ikihamishwa, bonyeza ndani ya adresi hiyo, halafu F9, ili ibadilike.

Tangu juma hili, mama anayetia sahihi kwenye liste asome kwanza mstari ule wa chini. Akiona C: kwa mashini isiyo ya sekretari, asitie.

Ile kopi ya zamani nimeifuta, baada ya kuhamisha malipo yote kwa liste ya kweli. Siku ya posho inayokuja, mama yetu atapokea zamu yake, nami nitamwomba msamaha mbele ya wote.