Breki mbili za trekta

Trekta dogo kama Massey Ferguson 135 lina pedali mbili za breki, zote mguu wa kulia: moja ya gurudumu la nyuma la kushoto, nyingine la kulia. Dereva akifika mwisho wa shamba hupunguza mwendo, hukata usukani, kisha hukanyaga breki ya upande anaogeukia. Trekta hugeuka papo hapo.

Barabarani mambo ni mengine. Akikanyaga pedali moja akiwa kasi, trekta huvutwa upande na laweza kupinduka. Ndiyo maana lipo komeo la kuziunganisha.

Nasema hivi: kabla ya kugusa lami, komeo lifungwe. Nawe mwenye trekta uishiye mjini, muulize dereva wako leo: je, komeo lipo?